Usimwite Bwanaheri

Salale, kwa njia ya Mohoro,
Wilaya ya Rufiji.
20 Februari, 1951.

Mpendwa kaka yangu Maneno,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na wenzako wa kambini, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa kipupwe kimeshapona. Je, unakula vizuri? Au bado ni ule ugali wa kambi uliotusimulia, usioshuka kooni mpaka usukumwe kwa maji? Sisi huku tunashukuru. Mama miguu inamuuma lakini mdomo haumuumi, kila anayepita njiani lazima aulizwe kama ametoka Tanga.

Barua yako ilifika, na bafta, kile kitambaa cheupe, pia ilifika. Jibu nimeliandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani, sikutaka kumpa mtu aniandikie. Mkono wangu ukikushinda, usimpe kila mtu akusomee. Haya ni yako peke yako.

Kaka, nimejifungua salama. Ni mtoto wa kiume. Ana masikio ya Baba, yale yaliyosimama, na akilia hukunja uso kama Baba alivyokuwa akionja mchuzi usio na chumvi. Nakueleza haya mapema kwa sababu mbele humu utanikasirikia.

Umeandika tumwite Bwanaheri, jina la Baba. Umeandika kwamba hukuwahi kumzika Baba, na siku utakaposikia yupo Bwanaheri anayetambaa uani kwetu ndipo utakapoacha mkonge urudi nyumbani. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Mama nilimsomea mara moja tu, akajifunika kanga usoni.

Sikumwita hivyo, Kaka. Hana jina hilo na hatalipata.

Mwanangu wa kwanza tulimpa jina la Baba. Haki ya kutoa jina ilikuwa ya upande wa mume wangu Zaidi, lakini akaridhia mwenyewe, kwa kuwa Baba ndiye aliyemfundisha kukata boriti za mikoko. Homa ikamchukua hajajua kukaa. Wa pili ukasema jina la Baba lisipotee, tukampa tena. Huyo alifika kutembea. Alikuwa akishika ncha ya kanga yangu na kunifuata mpaka kule boriti zinakopakiwa, na wapakizi wote walimjua. Mwaka wa yale maji makubwa akapata surua. Bafta uliyomletea ashonewe kanzu ya Idi ndiyo tuliyomzikia. Kifo chake nilikuarifu, lakini hili la sanda sikukueleza. Nilikuandikia tu kwamba bafta imefika na imemtosha.

Na hili sijamwambia mtu. Siku chache baada ya kumzika nilitoka uani kuita kuku, nikajikuta naita Bwanaheri. Nikasimama pale nisijue namwita yupi, wa kwanza, wa pili au Baba mwenyewe. Nililia mpaka Zaidi akaja kunishika mkono kunirudisha ndani.

Basi safari hii mimba ilipokua, mkunga wetu Bi Mwanahawa akasema huyu atupwe jaani. Unayajua mambo hayo, ulikuwepo alipookotwa yule mtoto wa Bi Zamda. Mama aliyezika watoto humkana anayefuata, ili mauti yasimtamani. Huyo mtoto huwekwa kwenye taka, akaokotwa na mwanamke mwingine ambaye wanawe wako hai, na aliyemwokota ndiye humpa jina, tena jina baya, la kitu asichokitamani mtu. Akiishi, ni mtoto wa mwokotaji mpaka apate akili zake. Mimi kazi yangu ni kunyonyesha tu.

Nilipojifungua, Mwalimu Abdalah wa chuoni akapata habari, akachukia. Alisema jina haliui mtoto, uhai ni wa Mwenyezi Mungu, na Bwanaheri ni jina jema. Nikamwambia kweli Mwalimu, lakini si wewe uliyeliita. Kesho yake alikuja kumsomea mtoto dua, na hakutia neno jingine.

Siku ya saba, jua lilipotoka, Bi Mwanahawa akamlaza mtoto juu ya ungo akampeleka nyuma ya jiko, pale tunapotupa majivu na maganda ya kamba. Nikaona nzi wakimtua usoni. Nikataka kwenda, mkunga akanizuia. Jirani yetu Mwanasiti akapita na mtungi kichwani kama mtu atokaye kisimani, akasimama akauliza, "Huyu mwana wa nani?"

Ilinipasa nijibu mimi. Si Mama, si mkunga, ni mimi. Akauliza tena, na macho yameshamjaa machozi, maana Mwanasiti ana huruma na mambo haya hayawezi. Mtoto akaanza kulia. Maziwa yakanitoka yakalowesha kanga yote kifuani, mbele ya watu.

Nikasema, "Simjui. Sina mwana miye."

Mwanasiti akamwokota, akampangusa majivu, akamwita Mtupeni. Alizunguka naye nyumba, kisha akaja mlangoni kwangu kama mgeni, akapiga hodi, akaniomba nimnyonyeshee mwanawe.

Tangu siku hiyo mtoto analala kwangu, lakini humsikii mtu akisema mwana wa Mwanaharusi. Hata Zaidi akirudi kutoka mikokoni huuliza kama mtoto wa jirani amelala, kisha hugeukia ukutani. Simbusu watu wakiona. Simsifu. Akicheka, nasema mtoto gani huyu mbaya hivi, na wenzangu wanaitikia. Moyo wangu umechanika, Kaka. Nakwambia wewe kwa sababu uko mbali, hapa sina ninayeruhusiwa kumwambia.

Bafta yako nimempa Mwanasiti akaifiche kwake, nimemwomba nisiione. Mtoto anavaa shati kuukuu la wanawe, lina viraka. Tafadhali usitume tena nguo nyeupe.

Najua utaumia. Labda utasema nimemtupa Baba jaani pamoja na mtoto. Sikumtupa. Baba amelala makaburini na wajukuu wake wawili, wote watatu jina moja, na mimi ndiye ninayewapalilia. Huyu namtaka abaki juu ya ardhi, kwa jina lolote lile.

Njoo hivyo hivyo. Usimngoje Bwanaheri, hayupo, na Mama hana tena nguvu za kungoja. Ila ukifika ukimkuta mtoto kibarazani, usimkimbilie, na masikio yake usiyatazame sana. Uliza kwa sauti watu wasikie, huyu mtoto wa nani. Nitakujibu kwamba simjui. Nawe uitikie tu, uombe maji ya kunywa, ukae.

Mama anakusalimu sana, anasema kitanda chako hajamruhusu mtu kukilalia. Zaidi anakusalimu, na Bi Mwanahawa, na Mwalimu Abdalah anayekukumbusha sala. Mungu akukinge na miiba ya mkonge na homa za ugenini, akurudishe kwetu na viungo vyako vyote.

Mwanasiti naye anakusalimu, yeye na mwanawe Mtupeni. Mwanawe hajambo, ananyonya vizuri.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Mwanaharusi