Makabati ya Mama Yako

Mpwa wangu mpendwa,

Wengi wanaponunua makabati ya jikoni hukosea kwa kuanza na rangi. Cha kwanza kuuliza ni muda. Yaliyo tayari dukani unayachukua siku hiyohiyo, ingawa hayakupimwa kwa ukuta wako. Ya kiwandani unachagua milango na vitasa, kisha unangoja wiki kadhaa. Ya fundi hufuata kila kona ya jiko, na ndiyo uliyomwagizia mama yako.

Fundi alikuja jana kupima, akasema miezi mitatu. Dada yangu akacheka pale kitandani. "Mwambie binti yangu aache kunijengea ikulu! Mimi nataka kabati linalofunga tu, nizione sufuria zangu zimetulia humo."

Amenikataza nisikwambie, lakini nitakwambia. Daktari amesimamisha matibabu, amebakiza dawa za maumivu tu. Miezi mitatu mama yako hana.

Makabati ya dukani yataacha pengo karibu na dirisha. Pengo hilo tutaishi nalo.

Vunja oda ya fundi leo, ununue yaliyo tayari, uje nayo mwenyewe.

Mjomba wako