Mbwa Niliyemwokota Akapigwa Mnada Kanisani

Jumapili, jioni. Masama. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na umekaa juu ya migomba kama mgeni asiyejua kuaga. Na mimi nimenuna vilevile.

Naandika kwenye daftari. Nikishuka Moshi dukani kwangu, ninakouza matairi yaliyotumika, nitapita intaneti kafe niyachape haya kwa vidole viwili. Wasomaji wa blogu hii ni wanne, na mmoja ni mimi, kwa hiyo hakuna haja ya kujipamba. Ingawa mtu aliyeishi Mombasa miaka sita hajipambi, anasema ukweli tu, ukweli wenyewe ndio mzuri.

Nimewachoka watu. Mbwa sijawachoka.

Jumatatu nilimwokota mmoja pale njia yetu inapokutana na lami. Mbwa wa kawaida, rangi ya udongo, sikio la kushoto limekatika ncha. Alikuwa anakimbilia kila mtu anayepita, anamnusa, anarudi nyuma kwa aibu. Shingoni alikuwa na mkanda uliosokotwa kwa kipande cha kanga. Nikasimama. Mbwa wa kuzurura havalishwi kanga. Huyu ana mtu wake mahali, na gari la matangazo lilikuwa limeshapita likisema mbwa wasio na wenyewe watapigwa risasi.

Nikamchukua. Nikamlisha utumbo wa ng'ombe kila siku, tena wa kununua. Sijisifu, naeleza.

Kisha nikatangaza kwamba nimeokota mbwa, na hapo ndipo nilipowajua majirani zangu. Wa kwanza alikuja na tai shingoni, akaita "Simba!" Mbwa akatikisa mkia. Bwana akanitazama kama ameshinda kesi. Nchi hii nusu ya mbwa wanaitwa Simba, na huyu alikuwa anatikisia mkia hata redio. Nikamficha mbwa nyuma ya mlango, nikauliza ni sikio gani lina kasoro. Akasema la kulia. Nikamwonyesha njia ya kwao.

Wa pili, mwalimu mzima, alisema anamtambua "kwa tabia".

Wa tatu alitaka kwanza kujua kama anabweka vizuri. Akishajua, ndipo aamue kama ni wake.

Nikaona dawa ni kanisani. Baada ya ibada watu wote hutoka nje kwenye mnada wa sadaka. Asiye na fedha huleta ndizi, kuku, mayai, boga, na mzee wa kanisa hunadi hapohapo uani. Nikapanga nimsimamishe mbwa mbele ya watu, mwenyewe amwone. Nikamwogesha kwa sabuni, nikamfunga kamba mpya ya manila. Nilichelewa kufika, matangazo ya ndani yalikuwa yameshasomwa, basi nikamfunga kwenye mguu wa meza iliyokuwa uani, nikangoja watu watoke.

Ile meza ilikuwa ya sadaka.

Sasa nikiri. Ningesimama pale pale, yasingetokea. Lakini walipotoka, vijana waliniita nyuma ya kanisa, wakaniuliza habari za Mombasa. Nani angekataa? Nilikuwa nimefika pale nilipomshinda Mwarabu kwenye karata, niliposikia watu wanapiga makofi. Nikadhani wananipigia mimi.

Mzee Elifuraha ndiye mnadi wetu. Ni mtu ambaye angenadi hata viatu vya mchungaji kama angevikuta karibu na ile meza. Aliona mbwa safi, kamba mpya, katikati ya mkungu wa ndizi na jogoo mwekundu. Hakuuliza. Akamnadi.

Mnunuzi alikuwa bwana mmoja wa kwetu anayeishi Dar, amekuja kuzika shangazi. Simu mbili kiunoni, miwani ya jua ndani ya ukungu. Hakuwa na mpinzani, akawa anapandisha bei juu ya bei yake mwenyewe ili tumsikie vizuri. Nilipofika, mbwa alishafungiwa kwenye buti la Prado.

Nikamweleza Mzee Elifuraha kwamba yule si sadaka, ni mbwa wa mtu. Akajibu kwa sauti ya mahubiri kwamba kilichopigwa mnada mbele ya madhabahu hakirudi. Madhabahu yenyewe ilikuwa ndani. Sisi tulikuwa kwenye matope. Mchungaji akawa anakagua viatu vyake.

Ndipo akatokea Bibi Aikaeli, wa ng'ambo ya korongo. Ni mjane, anaishi peke yake kihambani, kwenye shamba lake la migomba, na ng'ombe mmoja. Hutoka kanisani wa mwisho kwa sababu ya magoti. Alisimama ghafla karibu na lile gari, akasikiliza, akaita polepole, "Askari?"

Buti likalia. Kucha, mkia, kilio, vyote kwa pamoja.

Yule bwana akavua miwani. "Bibi, huyu nimemnunua. Nimemnunua kwa Mungu."

"Basi mwambie Mungu akupe wa kwake," bibi akasema. "Huyu ni wangu."

Bwana akamtazama mzee wa kanisa, mzee wa kanisa akalikumbatia boksi la sadaka. Mwishowe bwana akafungua buti huku akisema kwamba Dar atanunua mbwa wa maana, wa kizungu. Ni mpumbavu yule. Lakini alifungua.

Askari akaruka, akanipita. Wiki nzima ya utumbo, hakunipa hata jicho. Bibi akamchapa fimbo moja ya mgongo, kisha akainama na magoti yake yale, akaukaza upya ule mkanda wa kanga.

Nikasogea nipokee shukrani. Nikaamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitikia.

"Ni wewe uliyemleta mnadani?"

Nikaeleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, Mombasa ikiwemo.

"Wezi wamemchinjia jirani yangu ndama kihambani kwake," akasema. "Tangu Jumatatu huyu aliponipotea mazishini, mimi ndiye nakesha zizini na fimbo. Mchana sina nguvu ya kwenda kukata majani. Ng'ombe anakula magome ya migomba. Kesho utamletea mzigo. Na uje nao kichwani, si kwa gari."

Watu wakacheka. Kwetu majani ya ng'ombe ni kazi ya wanawake, huyafuata huko chini tambarare na kupanda nayo vichwani. Mwanamume anayeonekana na mzigo ule hupewa jina, na jina hilo humfuata hadi kaburini. Mwenye tai alicheka. Mwalimu alicheka. Mzee Elifuraha alicheka kuliko wote, boksi likamtikisika mikononi.

Wacheke. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza yule bibi analala wapi. Hata mimi sikuwahi, nami napita upande huu wa korongo kila siku na midomo yangu.

Nimeshanoa panga. Duka litafunguliwa mchana. Shida ni moja, na siwezi kumuuliza mtu yeyote isipokuwa mama, ambaye naye atacheka:

Hivi mzigo wa majani unafungwaje?