Jina la Tano kwenye Fomu

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kumi na mbili bila Kaka. Si wa tumbo moja. Alikuwa rafiki wa mume wangu tangu ujana wao. Tuliondoka kwetu pamoja, lori moja, miaka thelathini na minane iliyopita. Wanangu walimwita Mjomba kabla hawajajua kwamba si mjomba, na walipojua hawakujali.

Wifi, mkewe, kanisimulia tena asubuhi ile. Alirudi mbioni, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni kuvua raba. Kamba ya kulia akaifungua. Ya kushoto bado. Wifi alidhani amesinzia, akamtania: Mzee wa spidi, leo betri imekwisha? Sasa anajilaumu kwa utani ule. Nikamwambia hapana — kataniwa hadi dakika ya mwisho, wangapi hupata?

Tukalia kidogo. Tukacheka. Miaka sabini na sita, na kila asubuhi kilomita sita! Mvua, baridi, sikukuu. Jasho ni kinga ya mafua, akisema. Uongo mtupu. Alikuwa na mafua kila mwezi.

Jumatano, 5 Juni

Wageni watatu. Ni wenzake Kaka wa mbio za kupokezana vijiti, kikosi cha wazee: Fundi Bomba, Mwalimu wa Hesabu na Bi Maua mwenye kibanda cha maua. Wamejipanga kwenye kochi langu kama wanaongoja daktari. Chai vikombe viwili kila mmoja.

Hatimaye Fundi akakohoa. Dada, mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Najua. Tuko watatu. Najua pia. Na anayeruhusiwa kukimbia ni aliyeandikwa kwenye fomu tangu Januari.

Akanifungulia fomu. Majina manne, na chini yake la tano, mtu wa akiba — langu! Kwa mwandiko wa Kaka, ile herufi ya kwanza yenye tumbo. Mwalimu akaeleza: fomu haipokelewi bila mtu wa akiba, kwa hiyo kila mwaka Kaka alinijaza mimi, yaishe. Miaka kumi na tisa! Nimesoma prufu, kusahihisha makosa ya wachapaji, maisha yangu yote, nukta haijanipita, kumbe jina langu mwenyewe limekaa kwenye karatasi ya watu na mimi sina habari.

Nikawaambia kwa mbio mimi ni kabati. Bi Maua: Hata kabati husukumwa, shoga.

Kikosi kikikosa mwaka mmoja, nafasi wanapewa wengine. Foleni ni ndefu. Mita mia tu, wanasema. Tu! Nimewajibu nitafikiri. Fundi kaniachia kijiti mezani, ati nikizoee. Kinanitazama hapa ninapoandika.

Ijumaa, 7 Juni

Binti yangu kaja. Nesi, kwa hiyo hasalimii, anapima. Mama, goti hilo? Miaka sabini na moja? Nikamjibu: Mjomba wako alikuwa na sabini na sita.

— Na yuko wapi?

Akashika mdomo wake. Sikukasirika. Swali ni zuri. Mlangoni akasema: Ukianguka usinipigie simu. Atapigiwa, na anajua.

Jumapili, 9 Juni

Mazoezi ya kwanza. Raba mpya, nyeupe mno, naona haya. Zamu ya Kaka ilikuwa ya tatu, kwenye kona: kupokea kwa Bi Maua, kumpa Fundi. Kanuni ni moja: mpokeaji haangalii nyuma. Anaanza kukimbia, ananyoosha mkono, anaamini kijiti kitafika.

Niligeuka. Mara ya pili, nikageuka. Mara ya tatu Bi Maua kasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni: Unanitazamia nini, mimi mume wako?

Ningemweleza nini? Tangu siku ile ya lori sijui namna nyingine ya kwenda mbele ila kwa kutazama nyuma. Kaka alijua. Mwaka fulani nilimwuliza kama anadhani mlango wetu kule bado ni wa bluu. Dada, ulishapakwa rangi nyingine zamani, akasema, kisha akaenda zake kukimbia. Nilimnunia wiki nzima. Leo nimegundua kwamba alikuwa ananifundisha jambo, au pengine alikuwa amechelewa mazoezi tu. Kwa Kaka mambo hayo mawili yalifanana.

Mwalimu kanipima: sekunde thelathini na tisa. Ukipunguza nne, Dada, tutakuwa pazuri. Nafasi ya ngapi? Ya mwisho, lakini kwa heshima.

Alhamisi, 13 Juni

Thelathini na sita! Goti limevimba kidogo. Binti asiambiwe.

Wifi kapiga simu. Hatakuja Jumamosi. Hawezi kutazama mtu mwingine kwenye zamu yake. Nikamwuliza: Niache? Nikasikia birika likichemka jikoni kwake, karibu na mlango ule. Kisha: Ukiacha, nitakuja kukukimbiza mwenyewe kwa ufagio.

Jumamosi, 15 Juni

Saa nne kasoro. Uwanjani, benchi la wanaongoja kuitwa. Nimekuja na daftari ili mikono iwe na kazi. Binti yuko kwenye uzio na sanduku la huduma ya kwanza. Anadai alikuwa anapita tu.

Msimamizi, mwanamke mwenye filimbi shingoni, anaita kikosi chetu. Fundi: yupo. Mwalimu: yupo. Bi Maua: yupo.

Halafu akamwita Kaka. Majina yote matatu, hadi la babu yake, na kayatamka vizuri kabisa! Hapa ugenini huwa wanayavunjavunja. Hakuna aliyebadilisha orodha. Mwalimu alidhani Fundi ameipeleka taarifa, Fundi alidhani Mwalimu.

Anaita tena. Mtu wa akiba haingii mpaka sababu isemwe na kuandikwa, na bila mtu wa nne kikosi kinafutwa. Kalamu yake iko tayari. Fundi anachunguza raba zake. Mwalimu anahesabu mawingu. Bi Maua ananitazama mimi.

Sababu yenyewe ni neno moja tu. Nimepitia kurasa hizi zote sasa hivi, kwa jicho la kazi. Sijaliandika popote. Wala midomo yangu haijalitamka, hata mbele ya Wifi.

Anaita mara ya tatu. Nimesimama, naandika wima. Nimenyoosha mkono. Kanigeukia: Ndiyo, bibi? Huyu yuko wapi?

Nasema: Huyu —