Siku Midomo Yako Ilipobadilika Rangi

Mpendwa Baba,

Shikamoo huko uliko.

Unaikumbuka asubuhi kaka Masanja alipokuleta kwa pikipiki kutoka Tinde, hadi hospitali nilikokuwa daktari wa zamu? Ulishuka na koti lako la Jumapili, midomo na kucha zimekuwa bluu ya majivu. "Mwangaluka, mayu," ukanisalimu kwa Kisukuma. Uliniita mayu, mama, kwa kuwa nilirithi jina la bibi. "Nimechoka kidogo tu."

Nilikuvalisha barakoa ya oksijeni. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikaganda kwenye asilimia themanini na tano, ingawa mapafu yako yalikuwa safi. Nilipokutoa damu, ilikuwa ya kahawia. Nikadondosha tone kwenye shashi nyeupe, nikasubiri liwe jekundu. Wapi!

"Baba, umekunywa dawa gani?"

Ukageukia ukutani. "Zile dapsoni za ngozi. Badala ya kidonge kimoja kwa siku, nilikuwa nameza vitatu. Muwasho ulinizidi, mwanangu."

Basi nikaelewa. Dawa ilikuwa imeiharibu damu yako, haiwezi tena kubeba oksijeni inavyotakiwa. Nikakuuliza kama uliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kutumia dawa yoyote, maana wapo watu ambao tiba ya hali hiyo huvunja chembe zao za damu. Ukakana kwa ukali, kana kwamba nimekutukana.

Nikakuchoma methilini bluu, dawa ya rangi ya wino ambayo hutoka na mkojo, kwenye mshipa, polepole, macho kwenye saa. Haikupita saa moja, midomo ikarudi rangi yake, ukaomba uji. Mchana ulitoka msalani ukitangazia wodi nzima, "Njooni muone, binti yangu amenijaza wino!" Hata mgonjwa wa mguu uliovunjika alicheka.

Nilikulaza siku tatu, kwa kuwa dapsoni haitoki mwilini upesi. Siku ya kuondoka nikakugombeza mbele ya watu kwa vile vidonge. Ukainamisha kichwa.

Ulilima mpunga misimu mingine minne kabla moyo haujachoka. Muda wote huo sikukuomba radhi. Wiki hii nimewasimulia wauguzi wapya kisa chako bila kukutaja. Mmoja akauliza, "Daktari, wewe hukuogopa?" Nikamwambia siku ile nilikwenda stoo ya dawa, nikafunga mlango, nikalia hadi kola ikalowa.

Wewe ndiye uliyestahili kuambiwa hivyo kwanza, Baba. Ule ukali wangu ulikuwa woga wa kukupoteza.

Pumzika salama.

Kitindamimba wako