Jicho Lako na Ng'ombe wa Kuwekewa

Newala,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, na Mama anakuita kutoka jikoni kila ukifika katikati ya mstari. Miguu yake imepungua kuvimba? Kahawa imeanza kuiva, au bado? Sisi huku hatujambo. Wajukuu wako wote watatu ni wazima, mkwe wako naye mzima, ila maji tunanunua kwa ndoo, na jua la hapa halina huruma na mtu. Nikikumbuka mfereji unaopita nyuma ya migomba yetu, natamani kufunga virago.

Kaka Elifuraha alinipigia simu nikiwa darasani, akaniambia bandeji imetolewa na jicho linaona. Nilitoka nje, nikashika nguzo ya baraza, nikalia. Watoto wa darasa la nne wakaanza kuulizana, "Mwalimu kafiwa?" Nikawaambia hapana, mwalimu kafurahi, rudini kwenye hesabu zenu. Asante, Baba. Nina shukrani nyingi, lakini ngoja kwanza nikueleze ya upande wangu, maana mengine hukuyajua.

Unakumbuka nilivyokutuma hospitalini, kwenye dirisha la wazee. Nilidhani kila aliyefikisha miaka sitini anatibiwa bure, basi, yamekwisha. Nikakuambia, "Nenda tu Baba, mvi zinatosha." Ukaenda, ukapanga foleni, ukaambiwa mvi peke yake hazitoshi. Msamaha ule wa malipo ni wa wazee wasiojiweza, na lazima kijiji chako kithibitishe kwanza kwamba hujiwezi. Ukarudi nyumbani na jicho lako. Wala hukuninung'unikia. Ulisema tu, "Mimi najiweza," ukamrudishia Elifuraha simu yake.

Basi nikaenda kuuliza kuhusu bima ya serikali, hii ninayokatwa kwenye mshahara. Dada wa pale ofisini alinielewesha kwa subira kweli. Bima inanihudumia mimi, mwenzangu, na wategemezi wanne, wawe watoto au wazazi. Watoto ninao watatu. Ikabaki nafasi moja, na wazazi ninao wawili. Nikamwuliza kama baba na mama waliofunga ndoa kanisani hawawezi kuhesabiwa mtu mmoja. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema bima haijafika huko.

Nilikaa na ile nafasi kama mtu mwenye kiti kimoja na wageni wawili wamesimama mlangoni. Mama ana presha. Wewe jicho la kushoto lilishakufa siku nyingi, na hilo la kulia mtoto wa jicho alikuwa analifunika kidogo kidogo. Nilipowauliza, Mama akasema, "Mwandike baba yako, mimi presha nimeizoea." Wewe ukasema, "Mwandike mama yako. Ukiniandika mimi, sitakwenda." Nakujua, usingekwenda kweli. Nikamwandika Mama. Dawa zake akaanza kuzipata bila shida, nami nikawa silali vizuri kwa ajili ya jicho lako.

Sasa, hili la mkutano wa kijiji hukuniambia wewe. Kanisimulia kaka yangu, tena kwa kumbembeleza.

Anasema mwenyekiti alikuwa anasoma majina ya wazee wanaoombewa msamaha, na alipofika kwenye jina lako watu wakaguna. Mzee Aminieli, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, akasimama. "Huyu ana ng'ombe wawili wa maziwa bandani," akasema. "Kama yeye hajiwezi, sisi wengine tusemeje?" Na kweli, kijijini kwetu Momela kila mtu anakujua kama mwenye ng'ombe. Hata mimi nilikujua hivyo.

Ukasimama, ukavua kofia. "Ng'ombe wale si wangu," ukasema. "Nimewekewa. Nawalisha, nakunywa maziwa, samadi naitia kwenye kahawa. Mwenyewe simtaji, nilimwahidi. Shamba naliweza, Aminieli, unaniona kila siku. Jicho ndilo limenishinda."

Baba, mimi ni Mmeru, najua uzito wa maneno hayo. Ng'ombe wa kuwekewa hatangazwi. Anayemweka hataki watu wajue mali yake ilipo, na anayemtunza anaachiwa heshima ya kuitwa mwenye ng'ombe. Heshima hiyo umekaa nayo kanisani, kwenye vikao vya ukoo, hata siku ya kupokea mahari yangu. Ukaiweka chini mbele ya kijiji kizima ili Mama abaki na nafasi yake.

Elifuraha anasema Mzee Aminieli huyo huyo ndiye aliyekujibu, "Aliyekuwekea alikuamini. Basi na sisi tukuamini." Mikono ikanyooka. Baada ya hapo ndipo ukapata kitambulisho, ukarudi kwenye lile dirisha, na Shangazi wa Kijenge akakukaribisha kwake mjini mpaka ukamaliza matibabu. Mungu ambariki Shangazi.

Nilipokuwa mdogo niliringa shuleni kwamba baba yangu ana ng'ombe. Sasa naringa zaidi, na ng'ombe hawamo.

Kuna jambo moja zaidi. Neema, mkubwa wetu, amekua, na mwakani anatoka kwenye wategemezi wangu. Nafasi hiyo nakuandika wewe. Usinijibu kwamba nimpe Mama, yeye tayari yumo. Na usinijibu kwamba unajiweza, kijiji kizima kilishasikia habari zako.

Msalimie sana Mama, umwambie dawa asiruke hata akijisikia mzima. Msalimie Elifuraha na mkewe, na Shangazi wa Kijenge ukimpata. Mzee Aminieli mpe maziwa, hata kama bado unamkasirikia. Na huyo mwenye ng'ombe, ambaye simjui wala siulizi, mfikishie shukrani zangu kwa siri yenu hiyo hiyo.

Umenilalamikia mara nyingi kwamba barua zangu ni fupi. Zilikuwa fupi kwa sababu nilijua Elifuraha ndiye anayekusomea, na simu nayo anakushikia yeye, sauti juu, nyumba nzima inasikiliza. Kuna maneno binti hawezi kumwambia baba yake kwa mdomo wa kaka.

Nakupenda, Baba. Hilo nilikuwa nangoja ulisome mwenyewe.

Binti yako,
Namsifu