Desibeli Sabini na Nane

Kambarage, Shinyanga
11 Juni 2025

Kaka Donatus,

Shikamoo. Daktari wa masikio alisema jana kwamba Bujiku, uliyemfukuza kazi ya kuvunja mawe ya dhahabu kwenye karasha lako, hatasikia tena kwa sikio la kulia, na la kushoto limebaki nusu. Huku nyumbani sote wazima. Mama anauliza hali yako. Mimi siulizi, nimesikia unanenepa.

Umewatangazia watu wa Kalangalala kwamba Bujiku ni mwongo anayesingizia kelele za karasha, maana ripoti ya dada yako mwenyewe inaonesha karashani kuna desibeli 78, chini ya kikomo cha 85 kwa saa nane za kazi. Ukauliza ni kiziwi gani huyo anayesikia akiitwa kula. Wenzako wakacheka. Basi soma ripoti hiyo ilivyopatikana.

Mwezi Machi, ofisi iliponituma kukagua karasha lako, nilimfunga Bujiku kipimo cha kelele begani, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba kifaa hiki kinachukua sauti. Nilikusudia ukubwa wa kelele. Wao walielewa kwamba kinanasa maneno, na kwamba jioni utakaa kusikiliza nani kakuita fisi. Nilipoondoka tu akakivua, akampa Vumilia, mama lishe wenu, naye akakitundika kwenye msumari jikoni, nyuma ya ukuta wa matofali. Ni Vumilia aliyenieleza haya wiki iliyopita, akicheka hadi machozi, kwamba nilipima ugali wake nikautolea cheti. Aliacha kucheka nilipomwambia Bujiku kafukuzwa kwa cheti hicho.

Ijumaa, ulipokuwa Maganzo, niliingia karashani, nikavaa kipimo mwenyewe na kukaa saa nane mahali alipokuwa akifanyia kazi Bujiku. Wastani ni 96. Na wastani nao unaficha mambo: juu ya mngurumo usiokatika kuna nyundo zinazogonga mwamba, mapigo yanayopita 130, moja baada ya jingine. Bujiku alikaa humo miaka sita. Msimamizi wako alikuja kunifokea kwamba mwanamke hana kazi karashani. Ilibidi arudie mara tatu ndipo nimsikie.

Sasa langu. Mchoro wa kelele uliotoka kwenye kipimo mwezi Machi niliusoma kabla ya kutia saini ripoti. Haukuwa na pigo hata moja la nyundo, na kelele zilipanda saa saba mchana tu, watu walipokuja kula. Nilijua kipimo hakikuwa begani mwa mvunja mawe. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni ukidai karatasi, ukiniita profesa wa makelele, nami nikasaini kwa sababu u kaka yangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Leo asubuhi nimemkabidhi mkuu wangu wa kazi maelezo hayo hayo kwa maandishi. Huenda nikafukuzwa. Usinipigie simu, wala usimtume mjomba.

Mama anakusalimu, wanangu wanakusalimu. Shauri la Bujiku dhidi yako litasikilizwa Geita, Jumanne tarehe 17 Juni, saa tatu asubuhi. Shahidi wake wa kwanza ni mimi.

Nduguyo,
Nyamizi