Mlenda Bila Magadi

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haanzi maneno kabla ya salamu.

Neema ameng'oka meno mawili ya mbele. Mjukuu wako anacheka kama kibibi, na kila asubuhi hapa mjini, Nkuhungu, namsogeza dirishani nichungulie ufizi wake. Ananiuliza natafuta nini. Natafuta rangi ya meno yetu, Mama. Ile kahawia uliyokuwa ukiifunika kwa pindo la khanga ukicheka, nami nikajifunza kucheka hivyo hivyo, nikidhani ni adabu. Miaka ile niliyokuwa nauza mtama sokoni Majengo ulinilelea Neema kijijini, na meno haya yanayokuja yalikuwa yakijengeka ndani ya ufizi, naye akinywa maji yetu.

Sasa nimejua. Mdogo wako, Mama Mdogo, alipoanza kukakamaa mgongo kama wewe, nilimleta hospitali. Daktari alitazama picha ya mifupa, kisha akauliza swali ambalo wewe hukuulizwa na mtu: "Bibi, kijijini mnakunywa maji ya wapi?"

Ni floraidi, Mama. Madini ya kwenye miamba. Maji ya kisima kirefu huyabeba, na wala huyaoni wala huyanusi. Kidogo hayana neno. Yakizidi, mwaka baada ya mwaka, figo hutoa kiasi na mengine huhamia kwenye mifupa na kukaa huko. Mifupa inanenepa, kano zinakuwa ngumu, shingo inafunga. Nikamwambia sisi tulikuwa tunachemsha. Akasema kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi inabaki sufuriani, kinachopungua ni maji.

Kisha akauliza kuhusu magadi. Mama Mdogo akajibu kwa fahari kwamba kwake mlenda hauivi bila magadi. Daktari akasema magadi nayo yana floraidi nyingi. Nilitaka kulia pale pale. Tulikuwa tunaikoroga wenyewe, kwa mwiko.

"Mlenda bila magadi ni harusi bila ngoma." Ndivyo ulivyokuwa ukisema, ukilamba kiganja.

Watu walisema una maringo, hugeuki ukiitwa. Ungegeukaje? Ulikuwa ukizungusha mwili mzima, nasi wanao tukacheka. Tukasema uzee, tukasema baridi. Jirani akasema wifi yako amekuroga, ukaacha kusalimiana naye bure, maskini wa Mungu. Na siku ya kukuweka kwenye jeneza mgongo ulikataa kunyooka, wakakunja khanga mbili wakaziweka chini ya kichwa chako.

Kinachoniuma zaidi ni kile kisima. Ulikipigania wewe. Kilipochimbwa ulipiga vigelegele, ukatukataza yale maji ya kufukua mchangani korongoni, ukasema hayo ni ya ng'ombe. Nani angekulaumu? Ya kisimani yalikuwa meupe, yanang'aa kwenye kata.

Siku hizi pale kisimani kuna chujio. Mifupa ya ng'ombe inachomwa, inapondwa chengachenga, maji yanapitishwa humo. Floraidi ikikuta mfupa inashika, haiendi mbali. Nilisimama nikitazama maji yakidondoka kwenye ndoo, na wenzangu kwenye foleni wakashangaa machozi yanatoka wapi. Mifupa ile inafanya kazi iliyofanywa na mifupa yako, Mama, maisha yako yote. Laiti tungeichoma ya ng'ombe mapema!

Mama Mdogo ameacha magadi, kwa kununa. Nilimpikia mlenda mtupu, akasema hauna maana, halafu akamaliza bakuli. Mgongo wake hautarudi kama zamani, ila maumivu tunayapunguza.

Na jana jino la Neema lilichomoza. Lina doa. Si kahawia yetu, ni weupe kama wa chaki, upande mmoja. Daktari anasema doa halitafutika, lakini mifupa yake bado tunaiwahi. Nilimwonyesha kwenye kioo. Akalitazama, akacheka, na mkono wake ukapanda taratibu kuelekea mdomoni, kama wako, kama wangu.

Nikaushusha.

Lala salama, Mama, na shingo yako ipumzike. Nakuahidi mkono ule nitaushusha kila utakapopanda. Na mimi nikicheka naye, khanga yangu itabaki begani.

Mwanao.